Lori Lililorudi Nyuma

Nianze na jambo ambalo sikulifanya: sikugonga lori. Nalisema mapema kwa sababu mwaka ule wa sabini na sita, kwa wiki mbili nzima, hakuna mtu katika soko la Tulia aliyekubali kunisikiliza, na hasira yake bado ninayo. Lori lilikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama, mguu kwenye breki, mkono kwenye honi. Lori ndilo lililorudi nyuma likanijia.

Gari langu lilikuwa Peugeot 404, pikapu nyeupe ya marehemu mume wangu, Mutie. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, wakati wa kiangazi, kwenye mchanga wa mto uliokauka. Alikuwa akisema kwamba ukiweza kuendesha mchangani, barabara haitakusumbua tena. Watu walikuwa wakija kukaa ukingoni kutazama mke wa Mutie akizama na gari, wengine na chakula chao kabisa. Nilizama mara nyingi. Lakini siku ya mtihani kule Kitui nilipita mara ya kwanza, na wanaume wawili tuliokuwa nao wakaambiwa wakajaribu tena. Mutie alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, ukoo wake ulikaa kikao. Shamba lilikuwa halina maneno, kwa sababu nilikuwa na watoto. Mbuzi hawakuwa na maneno. Maneno yote yalikuwa kwenye gari. Kaka yake mkubwa, Kivuva, mtu wa koti hata jua likiwaka, alisimama akasema, "Mama Ndinda, hakuna mtu anakuchukia hapa. Lakini gari ni kitu ya wanaume. Mwanamke akishika usukani, siku moja atatuletea maiti."

Kivuva mwenyewe hakujua kuendesha hata toroli. Nililisema hilo pale pale, na wazee wakaninyamazisha. Mwisho wakakubaliana hivi: gari nibaki nalo, lakini kitabu chake, kile chenye jina la mwenye gari, kikae kwa Kivuva. Siku nitakayogonga kitu kwa makosa yangu, ninampelekea Kivuva funguo, na habari inaishia hapo.

Mtu asidhani niling'ang'ania gari kwa maringo. Nilikuwa nikinunua mbaazi na kunde kwa wakulima wa Tulia na kuzipeleka Kitui, na kurudi na sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Watoto watatu walikuwa wakila na kusoma kutokana na magurudumu yale manne. Bila gari ningekuwa mjane wa kwenda kwa shemeji kila asubuhi na kikombe, kuomba sukari. Ningekufa kwanza. Kwa hiyo mwaka mzima niliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Sikugusa hata kuku.

Halafu ikaja ile siku ya soko.

Barabara inapopita katikati ya soko la Tulia ni nyembamba, na siku ya soko inakuwa nyembamba zaidi: vibanda vya nguo na vyungu upande huu, mbuzi wamefungwa upande ule. Lori la mifugo lilikuwa mbele yangu, linatambaa. Nililifahamu. Lilikuwa la Hared, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, na dereva wake alikuwa Muli, kijana wa Nuu aliyeoa karibu na Tulia. Likasimama ghafla, na mimi nikasimama nyuma yake, hatua nne au tano hivi. Nikasubiri. Kwa pembeni nikamwona mwanamke mzee na punda wake wakiingia kwenye mikonge kando ya njia, uso ameugeuzia kule, nami nikadhani anaogopa lori.

Mara lori likaguna, likaanza kurudi nyuma. Si polepole. Lilirudi kama mtu aliyekanyaga nyoka. Nilipiga honi mpaka kiganja kikauma. Kutia gia nikimbie sikuwahi, maana nyuma yangu palikuwa na mkokoteni wa maji. Chuma cha nyuma cha lori kikaingia kwenye taa yangu ya kushoto, kioo kikamwagika, madigadi ikajikunja, bampa likainama upande mmoja.

Nilishuka nikiwa nimewaka. "Wewe, una macho kisogoni? Unarudi nyuma unaenda wapi?"

Muli alishuka pia. Jasho lilikuwa linamtoka, na hakunitazama usoni. Alitazama kule kwenye mikonge, halafu akatazama watu waliokuwa wakikusanyika, halafu akasema uongo wake. "Mama, mimi nilikuwa nimesimama. Wewe ndio umenigonga."

"Mimi?"

"Si wewe ulikuwa nyuma? Angalia lori, iko na alama gani? Na wewe taa imeisha. Nani amegonga mwenzake hapo?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na kweli, ukitazama tu, ndivyo ilivyoonekana. Uso wa gari langu ulikuwa umevunjika na matako ya lori hayakuwa na hata mkwaruzo. Niliuliza nani aliona. Wote waliona, lakini wote waligeuka waliposikia mlio. Kabla ya mlio kila mtu alikuwa akitazama bei ya kitu chake. Mwenye mkokoteni wa maji, ambaye angenisaidia, aliapa kwamba alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Viatu vyake vilikuwa vya tairi, havina kamba.

Nilikwenda kwa askari. Askari alikuja, akalizunguka gari mara moja, akaandika kwenye daftari lake. "Sheria ya barabara, mama, aliye nyuma ndiye mwenye makosa. Angeacha nafasi." Nikamwambia nafasi niliiacha, ni lori lililokuja kuichukua. Akacheka, akanirudishia leseni yangu akiishika kwa ncha za vidole.

Kivuva alikuwa amefika kabla vumbi halijatua. Sijui alipata habari kwa ndege gani. Aliinama akaokota kipande cha kioo cha taa, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni mwa koti kama ushahidi. Hakugombana. Alikuwa mpole kabisa, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Pole, mke wa ndugu yangu. Nimewaita wazee, Jumamosi ya wiki ijayo, hapo kwako. Muli atakuja kusema alichoona. Wewe usijali, funguo utaleta siku hiyo hiyo."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilizunguka mlango kwa mlango nikitafuta shahidi mmoja tu, na kila mlango ulinipa pole na uji. Watoto walikuwa wakinitazama nikirudi, hawaulizi. Ndinda, mkubwa wao, aliosha gari kila asubuhi kana kwamba ni mgonjwa, na hakuthubutu kugusa pale palipovunjika. Nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na hofu, na sioni sababu ya kuficha.

Siku ya soko iliyofuata niliamua kumwendea mwenye lori mwenyewe. Nilimkuta Hared penye soko la mbuzi, ameketi juu ya gunia, anakunywa chai ya maziwa. Nilijitayarisha kwa vita. Lakini yeye alisimama, akanipa lile gunia nikae, akaagiza kikombe cha pili.

"Mama, mimi sikuwa ndani ya lori siku hiyo," alisema. "Siwezi kusema ile sijaona. Muli amesema wewe umegonga, na Muli hajawahi kunidanganya. Ni dereva mzuri sana. Kutoka Garissa mpaka Nairobi na mbuzi mia, hata mmoja havunjiki mguu."

"Basi huyo dereva mzuri alirudi nyuma bila kuangalia."

Hared alikuna ndevu. "Nitakuambia kitu moja, kwa sababu wewe ni mjane na mimi naogopa Mungu. Huyu Muli akiwa kila mahali ni mzima. Akifika Tulia tu, anakuwa mgonjwa. Anataka tupite ile njia mbaya ya mtoni. Juzi tulikuwa pamoja, tunakuja pole pole, mara akalala chini ya usukani. Amelala kabisa, mama, na lori inaenda! Mimi ndio nikashika. Nikamuuliza nini, akasema kizunguzungu."

"Mlikuwa mmefika wapi?"

"Pale mbele ya posho mill. Hakukuwa na kitu barabarani. Ni mama mzee tu, na punda yake ya sikio moja."

Chai ilinimwagikia mkononi na sikuisikia.

Hared hakuweza kuelewa, kwa kuwa si wa kwetu. Mimi nilielewa hata kabla hajamaliza. Punda wa sikio moja Tulia nzima alikuwa mmoja, wa mwanamke mzee aitwaye Syokau, na binti yake ndiye aliyeolewa na Muli.

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawakutani njiani. Si ugomvi, ni heshima, na tunaiita nthoni. Akimwona anakuja, mwanamume anaacha njia na kujificha kichakani, na mama naye anageuza uso, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatajani majina, mpaka siku mwanamume atakapopeleka mbuzi wa kuiondoa hiyo haya. Wazee wetu waliipanga hivyo kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu. Hawakumfikiria mkwe aliye ndani ya lori la tani saba katikati ya soko, vibanda kushoto na mbuzi kulia, mama mkwe anamjia uso kwa uso. Kichaka cha kuingia hakuna. Kinachobaki ni kurudi nyuma.

Nilimshukuru Hared, nikamwambia aje na Muli Jumamosi bila kukosa. Sikumwambia zaidi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Syokau.

Nilimkuta anapepeta kunde. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nilimsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Niliona," alisema. "Nilikuwa nimegeuza uso, lakini kugeuza uso si kufumba macho. Lile lori lilikimbia kinyumenyume likakupiga. Nilirudi nyumbani na aibu, nikasema, tazama, heshima yangu imevunja taa ya mtoto wa watu."

Nilimwita mama, kwa Kikamba chetu. "Mwaitu, basi njoo useme hivyo Jumamosi."

Aliweka ungo chini. "Niseme? Nisimame mbele ya mkwe wangu nimshtaki kwa wazee? Mtoto wangu atakaaje kwenye nyumba ile? Hapana. Hilo usiniombe."

Alikuwa na haki, na nilijua. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alianza kuhesabu kwa vidole, na sauti ikapanda. "Mwaka wa sita huu tangu achukue binti yangu. Mbuzi wa kuondoa nthoni hajaleta. Anabeba mbuzi mia kwa lori kila wiki, anapita nao hapa nikiwasikia wakilia, na mimi mmoja hajaniletea! Nikienda sokoni naingia kwenye mikonge. Nikienda kusaga naingia kwenye mikonge. Angalia miguu yangu ilivyochomwa."

Nilitazama miguu yake, na hapo wazo likanijia zima.

"Mwaitu," nilisema, "usiseme neno hata moja. Panda tu gari langu Jumamosi. Ukae kiti cha mbele."

Akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega mpaka kunde zikamwagika. "Kukaa si kushtaki," alisema.

"Kukaa si kushtaki."

"Nitavaa leso mpya," akasema Syokau.

Jumamosi walikuja wote. Mzee Jonah, mkubwa wa ukoo, aliketi katikati kwenye kiti, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Wanaume wengine sita wa ukoo walikaa kwa vigoda kwenye kivuli cha ghala. Kivuva alikuwa ameleta ngozi ya mbuzi iliyochunwa vizuri, na nilipouliza ni ya nini, mtu akaniambia kwa kunong'ona kwamba ni ya kutandika kiti cha dereva wake mpya. Jirani zangu wanawake walijaa mlango wa jikoni. Hared aliegesha lori nje barabarani, akaingia na Muli, na Muli akapewa kigoda mbele ya wazee. Kivuva akavuta chake akakaa nyuma yake karibu kabisa, kama mtu anayemtegemeza shahidi wake asianguke.

Kivuva alitoa kipande cha kioo, akakipitisha mkono kwa mkono. Muli akasema maneno yake yale yale, kwamba alikuwa amesimama, akasikia kishindo. Alisema akitazama ardhi. Mzee Jonah akamuuliza kwa nini alikuwa amesimama, naye akakohoa, akasema kulikuwa na punda.

"Punda tu?" niliuliza.

"Punda," alisema Muli, na jasho likaanza.

Mzee Jonah alinigeukia. "Mama Ndinda, umesikia. Una mtu aliyeona?"

"Ninaye, mzee. Yuko hapo dukani kwa jirani. Naomba nimlete kwa gari, kwa kuwa mpaka mseme vingine, gari bado ni langu."

Mzee alikubali. Kivuva akasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "Mwangalie tu asigonge ghala," na wanaume wakacheka. Nilitaka kumjibu. Majibu matatu yalikuwa tayari ulimini. Nikayameza, nikaenda.

Syokau alikuwa amekaa kwenye benchi la duka na leso mpya ya manjano, amejifunika kichwa vizuri, mkongojo mkononi. Alipanda bila kusaidiwa. Njia nzima, ambayo si ndefu, hakusema kitu, ila aliminya midomo kama msichana anayezuia kicheko kanisani. Ikiwa Muli angekaa tu pale kwenye kigoda, akatazama chini, nilikuwa nimekwisha.

Niliingia uani taratibu, kwa gia ya kwanza, taa moja nzima na moja imepasuka, nikaelekea pale pale alipokaa. Muli aliinua macho. Kwanza aliona gari. Halafu akaona leso ya manjano, na uso ulio ndani ya leso.

Sijaona mtu akiinuka namna ile. Hakugeuka atazame anakokwenda. Aliruka kutoka kigodani akarudi kinyumenyume, mikono mbele, macho amefumba, hatua moja, mbili, ya tatu akatua na viatu vyake vizito juu ya mguu wa Kivuva. Kivuva akapiga ukelele. Muli hakusimama. Alimpitia na mgongo, Kivuva akaenda chini pamoja na kigoda, na koti, na ngozi ya mbuzi, na kioo cha ushahidi kikaruka huko. Muli akajiviringisha, akainuka, akapotea nyuma ya ghala. Tulichosikia baada ya hapo ni kuhema.

Nilizima gari. Nikashuka, nikasimama mbele ya wazee wa ukoo wa mume wangu, na sikuwa na haraka hata kidogo.

"Wazee," nilisema, "nina swali moja tu. Muli alikuwa mbele. Kivuva alikuwa nyuma, amekaa. Sasa mmeona Kivuva yuko chini anashika mguu, na Muli hana hata mkwaruzo. Niambieni: Kivuva ndiye amemgonga Muli?"

Jikoni ndiko kicheko kilikoanzia. Kilitoka kama maji yaliyovunja kingo, wanawake wanashikana mabega, na kikawafikia wanaume wakashindwa kukizuia. Mzee Jonah alivua miwani akafuta machozi. Hared peke yake alikuwa amesimama katikati, anageuka huku na huku, anauliza, "Nini? Ni nini? Ni kizunguzungu tena?" mpaka mzee mmoja akamvuta pembeni akamweleza mambo ya mama mkwe. Nilimwona akisikiliza, mdomo wazi, halafu akapiga makofi mara moja kwa mshangao.

Mzee Jonah aliinua mkono. Akaita kuelekea ghala, "Muli! Unanisikia?"

"Nasikia, mzee," sauti ilijibu.

"Siku ile lori ilisimama ama ilirudi nyuma?"

Muli akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba kitu. "Ilirudi, mzee. Mama hana makosa. Niliogopa kusema mbele ya watu ni nini nilikuwa nakimbia. Na niliogopa mzee Hared atanifukuza kazi. Mama, nisamehe."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu iliishia kwenye ghala langu, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea wiki mbili ikanitoka. Nilimhurumia. Nikasema kwa sauti kwamba nimemsamehe.

Hared akasema hatamfukuza. Akasema pia kwamba gari litapelekwa kwa fundi Kitui Jumatatu, taa mpya, madigadi inyooshwe, rangi ipakwe, yote juu yake. "Na huyu," akaongeza, akionyesha ghala kwa kidole, "nitamkata mbuzi moja kwa mshahara, apeleke mahali panatakiwa. Mimi siwezi kuendesha biashara na lori inakimbia wazee."

Ndani ya gari, Syokau alinigonga bega kwa mkongojo kupitia dirishani. Alizungumza nami akitazama upande mwingine kabisa, kwa heshima zote. "Mwambie yule mtu aliye nyuma ya ghala kwamba namtaka mwenye mafuta. Asiniletee mzee." Nikamwambia. Ghala likaitikia kwamba limesikia.

Lakini mimi nilikuwa bado sijapata changu. Nilibaki nimesimama pale pale, mkono mbele. Mzee Jonah alimgeukia Kivuva, ambaye alikuwa ameinuliwa na kukalishwa, mguu umeanza kuvimba. Hakuambiwa mara mbili. Alipeleka mkono ndani ya koti, polepole, akatoa kitabu cha gari kilichofungwa kwa plastiki, akakitazama, akanipa. Mwaka mzima alikuwa akitembea nacho kifuani.

"Ni yako," alisema mzee Jonah. "Gari ni ya Syombua, na mtu asilete maneno hayo kwangu tena mpaka nife." Aliniita kwa jina langu, si mke wa fulani wala mama wa fulani.

Nilikifungua. Jina la Mutie lilikuwa pale, limeandikwa kwa mkono wa karani fulani wa zamani. Siku ya mazishi sikulia sana, kwa sababu nilikuwa nikiangalia ni nani anatazama kitu gani cha nyumba yangu. Nililia sasa, mchana, mbele ya wanaume wale wote, na sikujifunika uso. Ndinda alikuja akanishika kiunoni. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Kulikuwa na tatizo moja tu lililobaki: Muli hakuweza kutoka nyuma ya ghala mpaka Syokau aondoke, na mzee Jonah alikuwa mbali na kwake, na jua lilikuwa kali. Nikasema ninampeleka Syokau, atakayependa apande. Wakapanda. Wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, wakakunja makoti yao wakakaa kwenye bodi ya pikapu juu ya magunia yangu ya mbaazi. Kivuva alijaribu hatua mbili kwa miguu, akasimama. Akatazama barabara, akatazama gari. Wenzake wakamnyooshea mikono wakamvuta juu.

Niliendesha vizuri siku ile kuliko siku yoyote. Nilimshusha Syokau mlangoni pake, akaingia na leso yake akiimba. Nilimshusha mzee Jonah, na wengine mmoja mmoja, na kila mmoja alisema asante dirishani. Mwisho nilibaki na mmoja huko nyuma. Tulipokaribia kwake sikupunguza mwendo, nikangoja. Ndipo nikasikia paa la gari likigongwa kwa kiganja, mara mbili, kama abiria yeyote anavyomwomba dereva asimamishe, na nikakanyaga breki nikamshusha.